Mchujo wa ubingwa kwenye raga ni haki? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ifikapo Juni simu yangu hujaa maswali ya aina moja. Ligi za raga za Ulaya zinafika ukingoni, timu iliyoongoza msimu mzima inachapwa nusu fainali, na wadau wa kijiweni kwetu Kinondoni, ambao wengi ni watu wa Simba na Yanga walionogewa na raga ukubwani, wanataka kujua huo ni ubingwa wa namna gani. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Majibu ni haya hapa, na maoni yangu yamo humo humo, sikuyatenga.

Mchujo wa ubingwa ni kitu gani hasa?

Ligi inachezwa kama ligi yoyote, nyumbani na ugenini, na msimamo unapangwa kwa pointi. England ukishinda unapata 4, sare 2, halafu kuna bonasi: pointi 1 ukifunga trai nne (trai ni kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli wa mpinzani), na pointi 1 ukipoteza kwa tofauti isiyozidi 7. Msimamo ukishakamilika, hakuna anayepewa kombe. Timu za juu zinaingia kwenye mtoano. England zinaingia nne: wa kwanza anacheza na wa nne, wa pili na wa tatu, na fainali inapigwa uwanja wa Twickenham, London. Ufaransa, kwenye Top 14, zinaingia sita. Wawili wa juu wanakaa wakisubiri nusu fainali, wa tatu hadi wa sita wanachujana kwanza. Majirani zetu wa Kenya Cup nao wamefuata mtindo huo wa sita.

Sisi hapa neno mchujo tumezoea kulisikia mkiani mwa Ligi Kuu, pale wa 13 na wa 14 wanapotafutana. Kwenye raga mchujo uko kileleni, ndiyo maana unawachanganya watu.

Kwa nini aliyeongoza asipewe kombe lake, yaishe?

Hili ndilo swali la msingi, na anayeuliza ana haki ya kuuliza. Tumekulia ligi. Timu 16, mechi 30, kila mmoja anakutana na mwenzake mara mbili, hesabu ikifungwa mwenye pointi nyingi anabeba. Mtoto wa darasa la tatu anaielewa.

Lakini kumbuka Juni 2025. Dabi ya Kariakoo iliyopangwa Machi 8 iliahirishwa, ikasukumwa mbele hadi ikaangukia mwishoni kabisa mwa msimu, Juni 25, pale kwa Mkapa. Yanga pointi 79, Simba 78. Bila kanuni yoyote kusema hivyo, ligi ikawa imejitengenezea fainali, na Yanga wakaimaliza 2-0. Sijamsikia mtu wa Jangwani akilalamika kwamba mechi 29 za nyuma zilidharauliwa.

Kuna tofauti moja kubwa, na mimi naiona ndiyo kiini cha mabishano yote. Yanga aliingia uwanjani akiwa na mtaji. Ile pointi moja ilikuwa mfukoni mwake. Hata sare ingempa ubingwa. Kwenye mchujo wa raga mtaji unafutwa. Uwe umemzidi mwenzako kwa pointi moja au kumi na tano, filimbi ikilia mnaanza wote sifuri.

Hiyo ya kumi na tano imewahi kutokea kweli?

Imetokea, na kila anayeupinga mchujo huanzia hapo. Msimu wa 2002/03 England ndio walikuwa wameanza kumpata bingwa wa ligi kwa mchujo. Gloucester walimaliza kileleni na pointi 82. Wa pili, Wasps, walikuwa na 67. Kanuni ya mwaka ule ilisema wa kwanza anakwenda fainali moja kwa moja, wa pili na wa tatu wanapigana kumpata mpinzani wake.

Ukiisoma harakaharaka unaona Gloucester wamependelewa. Kumbe wamefungiwa stoo. Walikaa wiki tatu bila mechi. Muda huo Wasps wanawatoa Northampton, na wikiendi moja kabla ya fainali wanachukua na kombe la Ulaya la daraja la pili kwa kuwafunga Bath 48-30. Mei 31, 2003, timu iliyopumzika mpaka ikapoa ikakutana na timu iliyokuwa bado ina jasho mwilini. Wasps 39, Gloucester 3.

Wanaopenda kisa hiki huwa wanasahau kipande cha kabla yake. Mwaka 2002 England ilikuwa na mashindano ya mchujo pia, ila yalikuwa kombe la pembeni. Ubingwa wenyewe walipewa Leicester kwa kuongoza msimamo. Na nani alishinda mchujo ule? Gloucester, kwa kuwafunga Bristol 28-23. Yaani mwaka mchujo hauna ubingwa wakashinda mchujo, mwaka msimamo hauna ubingwa wakaongoza msimamo. Wakaongoza tena 2007 na 2008, wakakosa tena mara zote mbili. Mpaka leo hawajawahi kuitwa mabingwa wa England. Kama kuna timu yenye haki ya kumtafuta mganga, ni hiyo.

Kanuni ile walibadilisha?

Ndiyo. Wasps walichukua 2003, 2004 na 2005, na mara zote tatu aliyefungwa fainali alikuwa kinara wa ligi. Kuanzia 2005/06 kinara akapewa nusu fainali ya nyumbani dhidi ya wa nne. Msimu huo huo Sale wakaongoza ligi na kushinda fainali, 45-20 dhidi ya Leicester. Mabadiliko madogo ya kanuni yalitosha kuonyesha kwamba tatizo halikuwa mchujo wenyewe peke yake. Lilikuwa namna ulivyopangwa.

Timu ya nne kuwa bingwa! Hiyo nayo mnaitetea?

Ngoja nikupe mfano halafu useme mwenyewe.

Juni 2021, nusu fainali, Bristol nyumbani kwao. Bristol wameongoza ligi, Harlequins wamemaliza wa nne. Tuliiangalia watu sita kwenye simu moja, imeegeshwa kwenye chupa ya soda, na kila bando likikaribia kuisha tunachangishana. Bristol wakafika 28-0. Fundi mmoja wa viyoyozi, mtu mwenye heshima zake, akasimama, akalipia soda yake, akasema raga haina tofauti na mpira, mkubwa ni mkubwa tu, akaondoka. Harlequins wakarudisha zote, mechi ikaenda muda wa nyongeza, wakashinda 43-36. Wiki iliyofuata wakawafunga Exeter 40-38 kwenye fainali. Yule fundi hadi leo anasema tulimtengenezea matokeo.

Sasa, Bristol walionewa? Walikuwa nyumbani, walikuwa mbele kwa pointi 28, na kikosi chao kilikuwa uwanjani. Mtu akipewa vyote hivyo akashindwa kuvilinda, mimi simwiti mwonewa. Castres wa mwaka 2018 wananipa shida zaidi: waliingia mchujo wa Top 14 wakiwa wa sita, baada ya mechi 26, wakawafunga Montpellier walioongoza ligi 29-13 kwenye fainali. Wa sita. Huko kwenye raga ya wachezaji 13 kila upande, ambayo ni mchezo tofauti na huu wa 15, Leeds walichukua ubingwa wa Super League mwaka 2011 na tena 2012, miaka yote miwili wakiwa wamemaliza wa tano. Ukifika hapo unaanza kujiuliza ligi yenyewe ilichezwa ya nini.

Wewe mwenyewe ulikuwa unaupinga. Kilichokubadilisha ni nini?

Ni kuelewa kwamba msimamo wa ligi ya raga hauaminiki kama msimamo wa ligi ya mpira.

Kwenye mpira, timu ya taifa ikiita wachezaji, ligi inasimama. Simba ikitoa wachezaji sita, Ligi Kuu inawasubiri warudi. Kwenye raga ya Ulaya, kwa miaka mingi, haikuwa hivyo. Mashindano ya Mataifa Sita yanachezwa Februari na Machi, na ligi za klabu ziliendelea kuchezwa raundi kadhaa katikati yake. Klabu yenye wachezaji wanane wa timu ya taifa inabaki na vijana wa akiba. Klabu isiyo na hata mmoja inacheza na kikosi chake kamili na kukusanya pointi. Kwa hiyo ukiutazama msimamo wa mwisho, baadhi ya zile pointi zimepatikana dhidi ya timu ambayo nusu yake ilikuwa Cardiff au Paris imevaa jezi nyingine.

Halafu kuna ligi ambazo ratiba yake haina usawa tangu mwanzo. Ligi ya URC, yenye klabu za Ireland, Wales, Scotland, Italia na Afrika Kusini, ina timu 16 lakini kila timu inacheza mechi 18 tu. Unakutana mara mbili na wale watatu wa kundi lako la kikanda, wengine kumi na wawili unakutana nao mara moja moja. Mmoja anampata Leinster nyumbani kwake, mwingine anamfuata kwao Dublin. Utasemaje kwa uhakika kwamba wa kwanza ni bora kuliko wa tatu?

Ndipo nilipoacha kubisha. Kama kipimo cha kwanza kina kasoro unayoijua, kuongeza kipimo cha pili si dhuluma. Mwaka 2023 Munster walimaliza wa tano URC. Wakaenda kushinda Glasgow, wakaenda Dublin wakamtoa Leinster aliyeongoza ligi 16-15, wakasafiri hadi Cape Town wakashinda fainali 19-14. Mechi tatu, zote ugenini, mabara mawili. Kawaambie hao kwamba wamebahatisha.

Basi mchujo unarekebisha kasoro za msimamo?

Unarekebisha moja na kuleta nyingine. Hapa naomba mnisome polepole, maana ndipo ubishi wa kijiweni huharibika.

Mchujo unachezwa Mei na Juni, mastaa wote wamerudi klabuni. Anayefaidika ni nani? Ni klabu yenye mastaa wengi. Exeter waliongoza ligi ya England 2018 na 2019. Miaka yote miwili walifungwa fainali na Saracens, ambao walikuwa wamejaza wachezaji wa timu ya taifa. Novemba 2019 ikatangazwa kwamba Saracens wamekiuka kanuni ya ukomo wa mishahara kwa misimu mitatu, wakakatwa pointi 35 na kupigwa faini ya zaidi ya pauni milioni 5. Adhabu ilikuja, mataji yakabaki kwenye kabati lao.

Ligi inapima upana wa kikosi: nani ana mchezaji wa 30 anayeweza kusimama kwenye tope la Januari. Mchujo unapima wale 23 wa juu siku wakiwa wazima. Ni vitu viwili. Kosa ninaloliona ni kumwita mshindi wa mchujo "timu bora ya msimu". Ni bingwa, kwa sababu ndivyo kanuni zinavyomtambua. Ubora wa msimu una mwenyewe, na mara nyingine ni mtu mwingine.

Kwa nini basi wasimpe kombe na huyo mwingine?

Wapo wanaofanya hivyo. Super League ina ngao kwa anayeongoza msimamo, na Australia nao wanayo yao. Tatizo ni kwamba haiko ngao inayopewa uzito na mashabiki kama fainali ikishakuwepo. Ni kama sahani ya pili ya pilau shughulini: unaipokea kwa shukrani, lakini macho yako kwa bibi harusi.

Mechi moja tu? Kwa nini wasicheze kama BDL?

Watu wa kikapu huniuliza hili kila mara, na wana hoja. BDL, ligi ya kikapu ya mkoa wetu wa Dar es Salaam, ina mchujo pia, lakini wanakutana zaidi ya mara moja, kwa hiyo siku mbaya moja haikumalizi. Raga haiwezi. Mwili wa mchezaji wa raga baada ya dakika 80 unahitaji karibu wiki nzima kurudi sawa. Fainali ya mechi tano ingechukua mwezi na kumaliza wachezaji wote.

Matokeo yake ni kwamba tukio moja linaweza kuubeba msimu. Fainali ya England ya 2024, Bath walipata kadi nyekundu kabla hata ya nusu saa kuisha, wakacheza wachache karibu saa nzima, wakapoteza 25-21. Mwaka uliofuata waliongoza ligi na kombe wakalichukua, 23-21 dhidi ya Leicester.

Mimi mwenyewe yamenikuta, kwa kiwango changu. Tulikuwa na bonanza la raga ya kugusa pale Coco Beach, makundi asubuhi, fainali alasiri. Tulishinda mechi zote nne za kundi kwa sababu tulikuwa na vijana wawili wa pembeni wenye mbio, na maji yalikuwa yamekupwa, ufukwe mpana kama uwanja wa ndege. Mwandaaji hakuwa ameangalia kalenda ya bamvua. Fainali inaanza, bahari imejaa, ule mstari wa kulia uko ndani ya maji. Uwanja umebaki ukanda mwembamba wa mchanga laini, wenzetu wana mibaba minne mizito inayosonga katikati, vijana wetu wa mbio hawana pa kukimbilia. Tukafungwa kwa trai moja. Nilirudi nyumbani na daladala nikiwa na mchanga masikioni, nikiapa kwamba mtoano ni wizi. Ilinichukua muda kukubali kwamba wale wenzetu hawakuiba kitu. Waliokosea ni waliopanga saa ya fainali bila kuiuliza bahari.

Timu ngapi zinatosha kuingia?

Kwa ligi ya timu kumi, kama England ilivyo sasa, nne zinatosha na pengine zimezidi kidogo. Kwa Ufaransa yenye 14, sita naweza kuzimeza kwa sababu wawili wa juu wanapumzishwa raundi moja. Kinachonishinda ni Super Rugby ya kule Pasifiki, iliyokuwa na timu 12 na kuingiza nane. Theluthi mbili ya ligi! Hapo huchuji, unakinga maji kwa tenga. Mwaka 2025 wakapunguza hadi sita na kuweka utaratibu kwamba aliyepoteza robo fainali lakini ana nafasi ya juu kuliko wenzake waliopoteza, anaendelea. Chiefs walioongoza wakafungwa na Blues 20-19, wakasonga mbele hivyo hivyo hadi fainali, wakafungwa tena, na Crusaders, 16-12. Unamlinda kinara, sawa, lakini mechi ya mtoano ambayo aliyefungwa hatoki sijui tuiiteje.

Si wanatafuta hela tu?

Ndiyo. Twickenham inaingiza watu 82,000, na televisheni hailipi pesa ndefu kuangalia timu ikikabidhiwa kombe Aprili huku mechi tatu zimebaki. Lakini hela hizo ndizo zinazolipa mishahara, na England wanajua ukata ulivyo: Wasps hao hao niliowataja, pamoja na Worcester na London Irish, walianguka kifedha ndani ya msimu mmoja, 2022/23. Hoja ya hela haiufanyi mchujo kuwa haki wala dhuluma.

Ungepewa wewe kuandika kanuni?

Ningeacha mchujo wa nne, nusu fainali kwa aliye juu, na fainali pia ichezwe kwa aliyemaliza juu badala ya uwanja huru. Huo ndio mtaji pekee unaoweza kurudishwa bila kuanza na pointi ubaoni. Ndiyo, uwanja wa Bath hauwezi kubeba watu wa Twickenham. Wacha wachache waingie, wengine waangalie kama sisi.

Na ningemwekea kinara pengo la wiki moja ya mapumziko, isizidi. Gloucester wameshatufundisha za wiki tatu.

Je, ligi changa kama zetu zitumie mchujo?

Kwa timu nne au tano, hapana, chezeni ligi, kila mmoja akutane na mwenzake mara mbili. Tatizo la ligi changa ni mechi kuwa chache, na mtoano unazipunguza: kijana katoka Arusha usiku kucha kwenye basi, anacheza dakika 80, anatolewa, anageuza. Mchujo ni anasa ya wenye ratiba ndefu.

Fainali tunaangalia wapi na saa ngapi?

Pale pale. Ya England mara nyingi inaanza saa tisa alasiri kwao, kwetu ni saa kumi na moja jioni, kwa hiyo ukitoka Posta na foleni ya Jumamosi ondoka mapema. Ya Ufaransa ni saa nne usiku. Chaja njoo nayo. Fundi wa viyoyozi naye amesema atakuja, na safari hii soda yake atalipia mechi ikiisha.